Jenerali wa Wiki Tatu

Kila Jumatatu Koplo Poutrel alikuja kuhakikisha kwamba Anselme Courtadon hajatoroka, na kila Jumatatu Perrine, mke wa Anselme, alichelewa makusudi kufungua mlango ili mvua imnyeshee kwanza.

"Bwana Courtadon yupo?" aliuliza koplo, maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia.

"Atakwenda wapi na mguu ule? Pita. Futa viatu. Nyumba hii haina mtumishi, mtumishi ndiye mimi."

Poutrel akafuta viatu. Sasa alikuwa polisi wa mfalme, mtu mzima na masharubu yake, lakini zamani alipiga ngoma katika kikosi cha huyuhuyu aliyetumwa kumchunguza, na jambo hilo lilimfanya akose pa kuyaweka macho. Anselme alikuwa kando ya meko, mguu mbovu juu ya kigoda, koti la buluu limefungwa mpaka kidevuni. Vifungo vya koti vilikuwa na tai, ndege wa nembo ya Kaizari aliyeangushwa, na tai siku hizo alikuwa haramu, kwa hiyo Perrine alikuwa amevifunika kimoja kimoja kwa vitambaa vyeusi. Kazi ya Poutrel ilikuwa kuvikagua vifungo vile asije tai akachungulia.

"Habari za asubuhi, Jene..." Akajiuma ulimi. "Bwana Courtadon."

"Unaendelea vizuri, Poutrel," Anselme alisema. "Wiki iliyopita uliishia kwenye 'Je'. Leo umefika 'Jene'. Tukijaliwa uzima, Krismasi utalimaliza neno."

Kwenye kona, Bibi Tiphaine, mama yake Anselme, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na miaka themanini, na macho yake yalikwisha kuzimika siku nyingi.

Neno lile ndilo lililokuwa kesi nzima. Anselme, mtoto wa mfua bati wa mtaa huohuo, alijiunga na jeshi akiwa kijana asiye na ndevu, akapanda ngazi kwa damu yake mwenyewe mpaka ukanali. Kaizari alipotoroka kisiwani alikofungwa na kurudi Paris, akamfanya jenerali. Wiki tatu baadaye vikaja vita vya Waterloo, kila kitu kikaporomoka, mfalme akarudi kwenye kiti chake, na sheria ikatangaza kwamba vyeo vyote vilivyotolewa katika miezi ile havikuwahi kutolewa. Si kwamba Anselme alivuliwa ujenerali. Afadhali angevuliwa! Walisema hakuwahi kuuvaa, na atakayemwita hivyo hadharani atakuwa anamtukana mfalme.

"Haya, sema kilichokuleta," Perrine alisema. "Vifungo umeshaviona."

Poutrel akaizungusha kofia mikononi. "Nimetumwa na meya. Jumapili ni Sikukuu ya Mwili wa Bwana. Maandamano ya kanisa yatasimama hapa nje, kwenye chemchemi. Meya anataka Bwana Courtadon atoke kichwa wazi, na mshumaa mkononi, aseme mbele ya watu kwamba yeye ni kanali, kwamba hakuwahi kuwa jenerali, na kwamba anaushukuru upole wa mfalme."

"Na asiposema?" Perrine akauliza.

"Mtahamishwa. Kaskazini, mji wa Brévanne. Mtakaa chini ya ulinzi mpaka serikali itakapopenda. Nyumba itafungwa."

Perrine akamtazama mkwewe bila kutaka. Bibi Tiphaine alikuwa ameinuka kwenda kuchukua maji. Mkono wake wa kushoto ulipita juu ya meza, ukagusa kona ya kabati, ukashuka kwenye msumari wa mlango, ukafika kwenye mtungi. Hakumwaga hata tone. Katika nyumba ile bibi alikuwa anaona. Nje ya nyumba ile alikuwa kipofu.

"Mwambie meya tumesikia," Anselme alisema.

"Ndiyo, Jene... ndiyo, Bwana."

* * *

Huko Montferreux, mji wao, mahali unapofulia panasema wewe ni nani. Maji yanaingia kwenye birika la wote la kufulia kutoka juu, safi kama yalivyotoka mlimani, na wanawake wenye heshima zao wanapiga magoti pale juu. Kila unavyoshuka, unapokea povu na uchafu wa waliokutangulia. Zamani, Anselme akiwa kanali wa Kaizari, Perrine akija likizo alipishwa pale juu kabisa, na mwingine akimtandikia majani mapya chini ya magoti. Sasa alifulia chini, mdomoni mwa mfereji.

"Jamani, Bi. Jenerali huyo! Mpisheni mwenye cheo chake!" alipaza sauti Mélanie Gaudry, mke wa mwokaji mikate.

"Cheo cha wiki tatu!" mwingine akadakia. "Hata jibini langu hukaa zaidi ya hapo."

Wakacheka, mbao za kufulia zikapigwa. Perrine akaliweka kapu lake chini, akakunja mikono ya gauni. Mikono yenyewe ilikuwa myekundu, imevimba vifundoni, mikono ya dobi tangu utoto.

"Cheka, Mélanie, meno unayo," alisema. "Mumeo alipoitwa jeshini alijificha ndani ya tanuri, mkatuuzia mikate mibichi mwezi mzima. Mimi nilikuwa likizo hapa, nilikula ule mkate, tumbo langu halijasahau."

Safari hii walicheka upande wake. Mélanie akawa mwekundu masikioni.

"Sema utakavyo. Jumapili tutamsikia kwa kinywa chake mwenyewe. Nimeshanunua utepe mweupe wa mfalme. Atasema hakuwahi, na wewe utakuwa mke wa hakuwahi."

Perrine alilitia shati la mumewe kwenye maji machafu ya wenzake, akaanza kulisugua kwa hasira.

Kusema kweli yeye mwenyewe hakuwahi kumwita Anselme jenerali, hata siku moja. "Sikuolewa na jenerali," alikuwa akisema. "Niliolewa na sajini mwenye shati moja." Ramani hakujua kuzisoma. Safari ya mumewe jeshini aliijua kwa kufua. Walikutana Italia, yeye dobi wa kikosi na beseni lake na punda wake. Vumbi la Italia lilikuwa jeupe, lilitoka kwa maji baridi. Anselme akapata uluteni, akapata na shati la pili. Alipokuwa kapteni vikaja vita vya Austerlitz, matope na baruti kwenye kola. Ukanali ulikuja Eylau, pamoja na risasi ya paja, na damu ile Perrine aliifua kwa theluji iliyoyeyushwa mikononi, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa. Uhispania ilikuwa jasho, divai, na madoa ambayo Anselme hakutaka aulizwe. Urusi haikufuliwa. Kutoka Urusi walirudi wamevaa magunia. Na ujenerali, ulipokuja mwishowe, ulikuja na koti jipya la buluu lenye nakshi za dhahabu. Lilirudi Waterloo limelowa damu ya farasi. Perrine akalifua, akazifumua dhahabu kwa sindano zisije zikamtia mtu kitanzini, na hilo ndilo koti alilobaki nalo.

Ndiyo maana neno "hakuwahi" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuwahi? Ile damu niliyofua ilikuwa ya nani basi, ya kuku?

* * *

Jioni ya Jumamosi walikula supu ya kabichi na ngozi ya nguruwe. Mkate ulikuwa mweusi, wa jana, kwa sababu Gaudry aliuza mikate mipya kwa watu wa mfalme kwanza. Anselme akaweka kijiko chini.

"Nitasema," alisema.

Perrine akasimama na upawa hewani.

"Nitasema. Ni maneno machache, Perrine. Nimewahi kusema maneno mabaya kuliko hayo nikiwa na jino bovu."

"Neno gani?" Bibi Tiphaine akauliza, ingawa alijua.

"Kwamba sikuwahi kuwa jenerali, Mama."

"Na ulikuwa?"

"Nilikuwa. Wiki tatu. Ukubwa jalala, Mama, kila mtu anakutupia lake. Watu wangu walikufa kwa mamia nikiwa na cheo hicho, na mimi sikufa. Basi wakikitaka wakichukue."

Bibi akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa mwanawe. "Unafanya hivi kwa ajili yangu? Kwa sababu mimi nitapotea kwenye nyumba ya watu?"

Anselme akaugeukia mlango wa chumba cha mama yake.

"Usinifanye kisingizio, we mtoto," bibi alisema kwa ukali. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho yangu yalikufa na bado nakula supu. Wewe moyo ukifa utakula nini?"

"Mama, umezaliwa katika chumba hicho. Kitanda chako..."

"Kitanda ni mbao nne."

"Nimesema nitasema!" Anselme akapiga meza, vijiko vikaruka. Kisha akaona aibu, akanywea, akaanza kuufumbata mkate na kuuvunja vipande vidogo vidogo. Mtu aliyewaongoza watu elfu kwenda kwenye mizinga, sasa anavunja mkate kama mtoto aliyenunishwa.

Perrine alitaka kufurahi. Nyumba ilikuwa imepona, bibi alikuwa amepona, hawatalala kwenye mkokoteni. Alimwongezea mumewe supu, na ngozi ya nguruwe iliyobaki akamtilia yeye. Lakini furaha haikuja. Alilala akiwa amemgeuzia mgongo, na aliposikia Anselme akinong'ona gizani, "Mimi ni Kanali Courtadon, mimi ni Kanali Courtadon," akijizoeza, akajiziba masikio kwa mto.

* * *

Kila nyumba ambayo maandamano yanapita mbele yake hutundika shuka nyeupe ukutani, na maua juu yake, ili Bwana asipite kwenye kuta tupu. Wakati wa mapinduzi desturi hii ilipigwa marufuku miaka mingi. Kaizari aliiruhusu irudi, lakini siku hizo Bibi Tiphaine aliuguliwa na macho na shuka walitundika majirani. Mwaka huu alikuwa amesema tangu Pasaka: "Ya nyumba yangu nitaipamba mwenyewe."

Alfajiri ile Perrine alimtundikia shuka, ile moja nzuri iliyosalia, akamwachia pini kwenye sahani na vikapu viwili vya maua yaliyochumwa mashambani, kwenye ngano. Mwaka ule wa mvua na njaa, maua ya porini ndiyo pekee yaliyotoka kwa wingi. Kisha akaenda misa ya kwanza, akasimama nyuma, maana kiti chao cha mbele kilikuwa kimepewa mtu mwingine.

Aliporudi, manyunyu yalikuwa yameanza. Akaiona nyumba yao kutoka mwisho wa mtaa, akasimama. Mungu wangu.

Upande wa kushoto, tokea juu hadi chini, bibi alikuwa amebana maua ya buluu, mengi, yamekaribiana. Katikati aliiacha shuka nyeupe tupu. Upande wa kulia alibana yale mekundu tunayoyaita vilemba vya jogoo. Buluu, nyeupe, nyekundu. Bendera ya Kaizari, kubwa kama mlango wa ghala, ikining'inia mbele ya nyumba ya mtu anayechungwa na polisi, siku ambayo mfalme anapelekewa shukrani!

Perrine akakimbia, viatu vya mbao vikigonga mawe.

"Mama! Mama, umefanya nini?"

Bibi Tiphaine alikuwa bado anapapasa pini ya mwisho. "Nimepamba. Nzuri?"

"Nani kakwambia uyapange hivi?"

"Hayapangwi hivyo? Tangu msichana nayapanga hivi. Ya buluu kushoto, vilemba kulia, katikati unamwachia Bwana nafasi. Usiyachanganye, vilemba vinadondosha maji mekundu vikilowa, vinaharibu wenzake. Lila na fila havitangamani." Akageuza uso wake wenye macho meupe. "Kwani vipi? Nimekosea?"

Kumbe. Bibi macho yalimfia polepole. Bendera ile ilipandishwa mbele yake mara ngapi, ameisikia ikipepea mara ngapi, na maskini hakuwahi kuoanisha maua ya ujana wake na kitambaa kile. Kwake yeye ilikuwa shuka ya Bwana, basi.

Kengele kubwa ililia kanisani. Maandamano yalikuwa yanatoka. Muda ulikuwepo. Perrine angeweza kuvuta shuka chini kwa mkono mmoja. Angeweza kuyachanganya yale maua, ya buluu huku, mekundu kule, na hakuna ambaye angejua. Alinyoosha mkono akalishika pindo la shuka. Kisha akalisikia lile la jana usiku kama vile limesemwa tena: mimi ni Kanali Courtadon, mimi ni Kanali Courtadon.

Akaliachia.

"Hujakosea, Mama," alisema. "Imependeza sana. Njoo uketi."

* * *

Anselme alitoka kichwa wazi, na mshumaa mkononi, akapiga hatua moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi bila kugeuka nyuma. Alikuwa amejikaza kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Shuka ilikuwa mgongoni kwake. Hakuiona.

Watu wengine waliiona. Perrine alisimama mlangoni akawatazama wakiiona. Kwanza wasichana waliotangulia na vikapu, wakaacha kutupa maua. Kisha waimbaji, wimbo ukavunjika katikati. Kisha padre mzee aliyebeba Sakramenti chini ya paa la hariri lililobebwa na wanaume wanne, na mmoja wa wanne wale alikuwa Gaudry mwokaji, ambaye aliishusha nguzo yake kwa mshtuko mpaka hariri ikamgusa padre kichwani. Nyuma yao, meya, Bwana de Varelles, na utepe wake mweupe. Miaka ishirini alikaa nchi za watu akimsubiri mfalme arudi. Akageuka rangi.

Watu walipiga magoti kwenye matope, maana mbele ya Sakramenti huulizi swali, unapiga goti. Lakini macho yote yalikuwa ukutani. Wanaume kadhaa, askari wa zamani wenye miguu ya mbao na mikono ya koti mitupu, walikuwa wakiangalia, na midomo yao ilikuwa ikitetemeka.

"Nani amefanya uchafu huu?" meya akauliza.

"Uchafu gani tena?" Bibi Tiphaine akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Shuka ilifuliwa Alhamisi."

"Bibi, hizi ni rangi za mnyang'anyi wa kiti cha mfalme!"

"Hizi ni rangi za shambani, Bwana. Nimezipanga hivi kabla wewe hujazaliwa, katika ua wa mama yako, Mungu amrehemu, na mama yako alisema, 'Tiphaine, mwaka huu umenipendezea ukuta.' Nenda kaburini umwambie alikuwa mfuasi wa mnyang'anyi."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kisha wengi wakapatwa na kikohozi.

"Poutrel! Ondoa maua hayo!"

Poutrel akaja na upanga wake ukimgonga miguuni, akaanza kuchomoa pini kwa vidole vyake vinene. Alijichoma mara moja, akatukana chinichini mbele ya Sakramenti, akafanya ishara ya msalaba, akaendelea. Maua yalikuwa yamelowa manyunyu. Alipoyashika, vilemba vilipasuka, vikasambaratika mkononi, na kadiri alivyovifuta ndivyo maji yake mekundu yalivyoingia kwenye kitambaa. Ya buluu nayo akayakamua bila kujua. Maua yakaisha, pini zikaisha, na shuka ikabaki na ubavu wa buluu na ubavu mwekundu, madoa matupu, na katikati nyeupe. Perrine, ambaye alikuwa amefua majeshi, aliyajua madoa yale. Yale hayatoki kwa sabuni.

Hapo ndipo Anselme alipogeuka.

Aliitazama shuka. Akamtazama mama yake, kisha mkewe. Mshumaa ulikuwa unamdondokea kwenye kidole na hakuuhisi.

"Courtadon," meya alisema, sauti imepanda. "Tusipoteze muda. Bwana anasubiri, na watu wamepiga magoti. Sema ulilokubali kusema, na hili la shuka nitalichukulia kama upofu wa mzee."

Ilisikika mvua tu na maji ya chemchemi. Anselme akageuka tena kuwaelekea watu. Perrine aliona mgongo wake ukiinama kidogo chini ya lile koti alilolifumua dhahabu kwa mikono yake, na akamsikia akivuta pumzi.

"Mimi," Anselme alisema, "ni Kana..."

"Jenerali!"

Sauti ilimtoka Perrine kabla hajajua kama itatoka. Ilikuwa sauti ya kambini, sauti ya mwanamke aliyezoea kuwaita watu waje kula huku mizinga ikinguruma. Mtaa mzima uliruka.

"Jenerali! Ingia ndani, supu inapoa!"

Hakuna aliyecheka. Anselme alisimama, mdomo bado wazi kwa lile neno jingine. Kisha mabega yake yakarudi mahali pake, moja baada ya jingine. Akauzima mshumaa kwa vidole viwili, akamkabidhi Poutrel, akapiga goti lake zima mbele ya Sakramenti kama Mkristo, akainuka kwa taabu.

"Naja," alisema.

Akaingia ndani akichechemea. Perrine akampisha, akamshika bibi mkono, akaufunga mlango.

Supu yenyewe ilikuwa baridi tangu jana. Hakuna aliyewasha moto. Walikaa mezani watu watatu, nje wakimsikia meya akipiga kelele na padre akimwambia, "Twende, Bwana, twende, Mungu analowa."

"Muda wote huu hujaniita hivyo," Anselme alisema. "Leo ndiyo siku uliyoichagua?"

"Ulitaka kukitoa cheo."

"Ni cheo changu. Nilikuwa nakitoa kwa ajili yenu."

"Chako?" Perrine akamwonyesha viganja vyake. "Tangu Italia, kila tone lililolipa cheo hicho nimelifua mimi, kwa mikono hii. Cheo hicho nimekifua mimi. Ni cha nyumba nzima, Anselme. Huwezi kukitoa peke yako."

Anselme akamtazama. Kisha akaushika mkono ule mwekundu, uliovimba, akauweka usoni kwake, akalia. Hakulia Eylau wala Waterloo. Alilia pale, kwenye supu baridi.

"Basi tunahama," Bibi Tiphaine alisema. "Nani atabeba mtungi wangu?"

* * *

Siku ya kuondoka, Poutrel ndiye aliyetumwa kusimamia. Alipanga vitu mkokotenini mwenyewe, kitanda cha mbao nne, kigoda, mtungi, na shuka imekunjwa juu. Mlango ulipofungwa, bibi aliomba aguse msumari wa mlango mara ya mwisho. Perrine alitazama pembeni. Hilo lilimuuma na liliendelea kumuuma, na mimi sitakudanganya kwamba liliisha.

Mkokoteni ulipoanza kutembea, koplo alikaza mkanda, akapiga saluti.

"Safari njema, Jenerali," alisema, neno zima, na Krismasi bado mbali.

Brévanne ulikuwa mji wa matofali na ukungu. Hakuna aliyewajua. Walipewa vyumba viwili juu ya duka la mishumaa, na wiki za kwanza bibi aligonga kila kitu: kizingiti, dirisha, kona ya ngazi, mpaka paji la uso likawa na rangi zake lenyewe. "Ukuta ni ukuta," alisema kila alipougonga. "Nitaujua tu." Perrine alipata pa kufulia, chini kabisa, kwenye povu la watu. Shuka aliifua kila wiki na kuitundika dirishani upande wa mtaani. Madoa hayakutoka, naye hakuyasugua kwa nguvu sana.

Na kila siku saa sita, kengele ikilia, alifungua dirisha. Anselme alikuwa na desturi ya kukaa darajani akitazama maji, mbali kidogo, kwa hiyo ilibidi sauti ipande.

"Jenerali! Supu!"

Watoto wa Brévanne waliipenda sana. Baada ya siku chache walikuwa wanamkimbilia darajani kumfikishia ujumbe, "Jenerali, unaitwa, Jenerali!" Kisha muuza mishumaa akalizoea, kisha wauza samaki, kisha mhudumu wa kanisa. Polisi wa mji ule, kijana mwenye sheria nyingi kichwani, alipanda ngazi akiwa amekasirika.

"Mama, ni marufuku. Huko mlikotoka neno hilo lilisemwa kwa siri na watu wachache, hapa mji mzima unapiga kelele! Hakuna jenerali katika nyumba hii. Serikali imesema hakuwahi kuwapo."

Perrine alikuwa anakoroga chungu. Hakugeuka.

"Mama," alimwambia mkwewe, "serikali inauliza kama jenerali yupo."

Bibi Tiphaine akainuka. Mkono wake wa kushoto ulipita juu ya meza, ukagusa kona ya kabati, ukafika kwenye kitasa cha dirisha bila kukosea. Akalifungua, akavuta pumzi, na akapiga ukelele uliofika mpaka darajani.